Ngozi kwa ngozi: rufaa ya Nagpur iliyosimama juu ya neno moja

Kisa kinaanza na mapera. Tarehe 14 Desemba 2016, mjini Nagpur katika jimbo la Maharashtra nchini India, msichana wa miaka 12 alitoka nyumbani kufuata mapera. Akakawia. Mama yake akatoka kumtafuta, na jirani akamwambia kwamba amemwona akiondoka na mwanamume wa hapo mtaani, mtu wa miaka 39. Mama alipofika kwenye nyumba ya yule bwana alimkuta anashuka ngazi. Akamuuliza, naye akakana. Mama hakuridhika. Akapanda juu, akakuta chumba kimefungwa komeo kwa nje, akafungua. Mwanawe alikuwa ndani, analia.

Binti alieleza kwamba bwana yule alimchukua kwa ahadi ya pera, akamfikisha kwake, akamshika kifua juu ya nguo na kujaribu kumvua suruali. Alipopiga kelele, bwana alimziba mdomo kwa kiganja, kisha akatoka na kumfungia. Siku hiyohiyo mama alikwenda kuripoti polisi.

Jina la binti halijulikani kwa umma, na ndivyo inavyotakiwa. Sheria ya India inakataza kumtambulisha mwathirika wa makosa ya namna hii tangu marekebisho ya mwaka 1983, na kwa watoto kuna katazo jingine zaidi. Nami jina la mshtakiwa naliacha, kwa kuwa halituongezei kitu. Hoja yote ya kesi hii iko kwenye kitenzi kimoja: kugusa.

Mahakama iliyosikiliza kesi hapo Nagpur ilitoa hukumu tarehe 5 Februari 2020, zaidi ya miaka mitatu baada ya tukio. Mashahidi walikuwa wachache na maelezo yao yaliingiana: mama, mtoto, jirani. Mshtakiwa alitiwa hatiani kwa makosa kadhaa ya Kanuni ya Adhabu, likiwemo la kumfungia mtu isivyo halali, na kwa shambulio la kingono chini ya sheria maalumu ya kuwalinda watoto, ile ambayo India nzima huiita POCSO. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2012 ikaanza kutumika tarehe 14 Novemba, Siku ya Watoto ya India. Kwa kosa la shambulio la kingono inaweka kifungo kisichopungua miaka 3 na kisichozidi 5. Mshtakiwa akapewa 3 na faini ya rupia 500. Kiwango cha chini kabisa, yaani.

Akakata rufaa Mahakama Kuu ya Bombay, tawi la Nagpur. Tarehe 19 Januari 2021 Jaji Pushpa Ganediwala, akiketi peke yake, akamfutia hatia ya shambulio la kingono. Akambakizia kosa la kumfungia mtoto na lile la kifungu cha 354 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanana na tunachokiita shambulio la aibu, kwa kifungo cha mwaka 1.

Wengi waliokisimulia kisa hiki wanakosea hapa. Wanadhani jaji hakumwamini mtoto, au alisema hakuna kilichotokea. Sivyo. Jaji alimwamini mtoto na mama yake, akakubali kwamba bwana yule alimshika binti kifua. Alichokataa ni jina la kosa. Kwa maoni yake, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi kwamba blauzi ilivuliwa au kwamba mkono ulipita ndani ya nguo, hapakuwa na mgusano wa moja kwa moja, ngozi kwa ngozi. Na pasipo mgusano huo hakuna shambulio la kingono. Rufaa hii basi haikuwa ya ushahidi. Ilikuwa ya lugha, na ndiyo maana inafaa kusomwa hata na mtu asiyejua lolote kuhusu mahakama za India.

Kifungu cha 7 cha POCSO ni kama nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza kinasema kwamba mtu yeyote ambaye, kwa dhamira ya kingono, anagusa sehemu za siri za mtoto au kifua chake, au anamfanya mtoto aguse sehemu hizo za mtu mwingine, ametenda kosa. Chumba cha pili kinaongeza: au akifanya tendo jingine lolote kwa dhamira ya kingono lenye mgusano wa kimwili bila kuingilia. Maneno ‘mgusano wa kimwili’ yako chumba cha pili tu, na yamewekwa humo kwa sababu: chumba hicho ni cha matendo yasiyotajwa kwa jina, kwa hiyo kinahitaji ukuta wa kuyapakanisha. Chumba cha kwanza hakina haja ya ukuta huo. Kimeshataja viungo, na kimetumia kitenzi kimoja tu, kugusa.

Jaji aliyatoa maneno ya chumba cha pili akayahamishia cha kwanza. Kisha, yalipofika huko, akayapunguza: mgusano wa kimwili ukawa mgusano wa ngozi. Hatua mbili, na hakuna hata moja iliyoandikwa na Bunge.

Mtu aseme anavyotaka kuhusu ufundi wa kutafsiri sheria, lakini kuna maana ambazo hata mtoto wa shule anazijua. Kondakta wa daladala akikugusa begani ili utoe nauli, humgeukii kumwambia kwamba hakukugusa wewe, kagusa shati. Umeguswa. Sheria ya Uingereza ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2003 iliona heri iliandike kabisa: kugusa ni pamoja na kugusa kupitia kitu chochote. Sheria ya India haikuliandika hilo, labda kwa kuwa waliotunga hawakudhani kuna atakayeuliza.

Sasa kwa nini jaji mwenye uzoefu, ambaye amemwamini mtoto, afike huko? Jibu limo ndani ya hukumu yake, na kwangu ndilo kiini cha kisa. Aliandika kwamba adhabu lazima ilingane na uzito wa kosa, na kwamba kwa kuwa POCSO ina adhabu kali, ushahidi na madai lazima yawe mazito zaidi. Soma tena mpangilio huo wa fikra. Hakuanza na swali ‘neno hili lina maana gani?’ akamalizia na adhabu. Alianza na adhabu, miaka 3 ambayo sheria haimruhusu kuipunguza, akaiona kubwa kwa tendo lililo mbele yake, kisha akarudi nyuma hadi kwenye neno na kulibana mpaka tendo likatoka nje. Kifungo cha chini kilichowekwa ili majaji wasilegeze adhabu kilisukuma ulegezaji ukahamia kwenye tafsiri.

Na tofauti yenyewe, ukiipima, ni ndogo kuliko kelele zake. Kifungu cha 354, tangu kiliporekebishwa mwaka 2013, kilitoa mwaka 1 hadi 5. Shambulio la kingono la POCSO ni 3 hadi 5. Dari ni moja. Sakafu ndiyo inayotofautiana kwa miaka 2. Kwa miaka 2 hiyo, maana ya ‘kugusa’ ilikuwa inakaribia kubadilishwa katika nchi ya watu zaidi ya bilioni.

Hicho kifungu cha 354 nacho kina hadithi inayotugusa huku. Kilikuwemo katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, kazi ya wakoloni wa Kiingereza, na kanuni hiyohiyo ndiyo iliyohukumia watu Kenya na Tanganyika mpaka mwaka 1930, kila koloni lilipopata kanuni yake. Kosa lililoelezwa humo ni la kumtumia mwanamke nguvu kwa nia ya kuvunja staha yake. Staha! Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya India ililazimika kuamua, katika kesi iliyotoka Punjab, kama mtoto mchanga wa miezi saba na nusu anayo staha ya kuvunjwa, maana Mahakama Kuu ya huko ilikuwa imesema hawezi kuihisi. Majaji wengi wakaamua anayo. Lakini hebu fikiria swali lenyewe lililowapeleka mahakamani.

POCSO ilitungwa ili tuachane na maswali ya aina hiyo. Haiulizi mtoto alihisi nini wala heshima ya nani imeguswa. Inaangalia mwili wa mtoto na dhamira ya mtu mzima, na kuhusu dhamira inakwenda mbali zaidi: mahakama inatakiwa kudhani kwamba ipo, na mshtakiwa ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kuwa haikuwepo. Tena inawalinda watoto wa kiume kama wa kike. Kifungu cha 354 kilimhusu mwanamke tu. Kwa hiyo tafsiri ya Nagpur ilikuwa na shimo ambalo sikuliona likizungumzwa vya kutosha: binti aliyeguswa juu ya nguo angalau angeangukia kwenye 354; mvulana aliyetendewa hilohilo asingekuwa na hata hicho cha kuangukia.

Hukumu ilipotoka, mshtuko ulikuwa wa haraka. Tarehe 27 Januari 2021, siku 8 tu baadaye, Mwanasheria Mkuu wa India, K. K. Venugopal, alisimama mbele ya Jaji Mkuu S. A. Bobde akasema kwamba uamuzi ule utazaa mfano wa hatari. Mahakama ya Juu ikausimamisha palepale na kumruhusu alete rufaa rasmi. Si jambo la kila siku. Rufaa za jinai hukatwa na mshtakiwa au na serikali ya jimbo. Mwanasheria Mkuu wa nchi nzima hajitokezi kwa kesi ya mtaa mmoja wa Nagpur. Tume ya Taifa ya Wanawake nayo ikakata rufaa, na serikali ya Maharashtra pia.

Katika kusikilizwa, Venugopal alitoa mfano ambao magazeti yote yaliushika: kwa tafsiri hii, mtu akivaa glavu za daktari akampapasa mwanamke mwili mzima, hatakuwa na kosa la shambulio la kingono. Ni mfano wa wakili, umekuzwa ili uchome, lakini ukiufuata kwa mantiki haukwepeki. Ukisema ngozi kwa ngozi, glavu inakuwa kinga.

Upande wa mshtakiwa haukuachwa mtupu. Aliteuliwa wakili mwandamizi Siddharth Luthra kumtetea kwa msaada wa kisheria, na upande wa pili, kwa niaba ya Tume ya Wanawake, alikuwepo dada yake wa damu, Geeta Luthra. Majaji wenyewe waliligundua hilo wakalitaja. Hoja ya Luthra ilikuwa ya heshima na haistahili kupitwa kwa mbio: sheria ya jinai, ikiwa na maana mbili, isomwe kwa maana inayomfaa mshtakiwa, kwa kuwa anayeandika sheria ni dola na anayefungwa ni mtu. Mtu asifungwe kwa kosa ambalo hakuweza kulisoma. Mimi kanuni hiyo naiheshimu. Bila hiyo, polisi wa nchi yoyote wangekuwa watunzi wa sheria.

Ila kanuni hiyo ina mlango wake, na mlango ni utata. Lazima kwanza neno liwe na maana mbili kweli. Huwezi kulitengenezea neno maana ya pili, kisha ukasema: tazameni, lina utata, basi mshtakiwa apewe faida.

Ndivyo ilivyoamuliwa. Tarehe 18 Novemba 2021, majaji watatu, U. U. Lalit, S. Ravindra Bhat na Bela M. Trivedi, walitengua hukumu ya Mahakama Kuu. Jaji Trivedi ndiye aliyeandika hukumu kuu, Lalit akiwa naye. Alisema kwamba kubana neno ‘kugusa’ hadi likawa ‘ngozi kwa ngozi’ ni tafsiri finyu inayoishia kwenye upuuzi, na kwamba nguzo ya kosa ni dhamira ya kingono. Nguo iliyoko kati ya mkono na mwili haina neno. Sheria ikishatungwa kwa ajili ya kuwalinda watoto, mahakama haiwezi kuisoma kwa namna inayoiua. Kuhusu kanuni ya kumfaa mshtakiwa alijibu kama nilivyoeleza: Bunge limesema waziwazi, utata haupo, mahakama isiutengeneze.

Akaangalia pia ushahidi, na hapa napenda jinsi alivyoshuka kutoka kwenye nadharia. Bwana alimdanganya mtoto, akampeleka nyumbani kwake, akamshika kifua, akajaribu kumvua, akamziba mdomo, akamfungia, akamkana mbele ya mama yake. Mtu mwenye msururu huo wa matendo dhamira yake haitafutwi kwa tochi. Hukumu ya kwanza ikarudi: miaka 3 na faini ya rupia 500.

Jaji Bhat alikubaliana na matokeo lakini akaandika hukumu yake mwenyewe, na ukiniuliza, ndiyo yenye uhai zaidi. Alichimba historia ya kifungu cha 354 na fikra zake za kale kuhusu staha, akaonyesha kwamba tafsiri ya Nagpur ilikuwa imeirudisha sheria mpya ndani ya ngozi ya sheria kuukuu. Akasema si kazi ya jaji kuyanyoosha maneno ya sheria yaliyo wazi mpaka yavunjike, na kuwanyima watoto uhakika wa sheria iliyotungwa kulinda utu wao.

Hukumu hiyo ilibeba pia rufaa nyingine, nayo ya mtoto wa miaka 5, kutoka kwa jaji yuleyule na mwezi uleule wa Januari 2021. Humo mtu wa miaka 50 alikuwa amepewa miaka 5 kwa shambulio la kingono la kiwango cha juu, linalohusu walio chini ya miaka 12. Mahakama Kuu ilisema kumshika mtoto mkono huku zipu ya suruali iko wazi hakufikii shambulio, ikamwacha atoke kwa muda aliokwisha kukaa ndani, miezi 5. Mahakama ya Juu ikairudisha miaka 5. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, dhana yangu kuhusu sakafu ya adhabu inapata nguvu. Katika zote mbili ukweli ulikubaliwa, na katika zote mbili kilichohama ni jina la kosa, likielekea kila mara kwenye kifungu chenye sakafu ya chini zaidi.

Na jaji? Siku moja baada ya hukumu ya Nagpur, kamati ya majaji wa juu ilikuwa imependekeza kwamba yeye, aliyekuwa bado jaji wa muda, athibitishwe kuwa jaji wa kudumu. Pendekezo likaondolewa. Akaongezewa mwaka 1 wa ujaji wa muda badala ya miaka 2, na mwaka ulipokaribia kwisha, Februari 2022, akajiuzulu. Hapa najikuta nimegawanyika. Hukumu yake ilikuwa na kosa, na dawa ya hukumu yenye kosa ni rufaa, ambayo ilifanya kazi yake vizuri. Kumnyima jaji ajira kwa tafsiri aliyoiandika kwa jina lake na kwa sababu zake kunawafundisha majaji wengine kusikiliza magazeti kabla ya mashahidi. Upande wa pili, uthibitisho ni nafasi ya kumpima mtu kwa kazi yake, na kazi yake ilikuwa hiyo. Mizani yangu haijatulia.

Kanuni ya Adhabu ya 1860 ilizikwa rasmi tarehe 1 Julai 2024, India ilipoanza kutumia kanuni mpya, Bharatiya Nyaya Sanhita. Kifungu cha 354 kimekuwa cha 74. Maneno ya kuvunja staha ya mwanamke yamehamia huko yakiwa salama salimini.

Na swali lenyewe lilirudi kwa nguo nyingine. Tarehe 17 Machi 2025, Mahakama Kuu ya Allahabad, katika kesi ya msichana wa miaka 11, ilisema kwamba kumshika kifua, kukata kamba ya suruali yake na kujaribu kumburuta chini ya kalavati hakutoshi kuwa jaribio la kubaka. Mashtaka yakateremshwa ngazi. Tarehe 26 Machi Mahakama ya Juu ikausimamisha uamuzi huo yenyewe. Majaji B. R. Gavai na Augustine George Masih walieleza kwamba wanasita kutumia maneno makali dhidi ya jaji mwenzao, kisha wakataja jambo moja lililowauma: uamuzi ule haukutamkwa kwa haraka ya papo kwa hapo. Ulikuwa umehifadhiwa karibu miezi minne kabla ya kusomwa.